Yah: Malalamiko kuhusu picha ya daraja la Kalewa mliyoiandika kuwa ya Italia

Kwa Meneja,
Kitengo cha Utambuzi wa Picha za Kale.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mteja wenu. Mwezi Februari mwaka huu niliwaletea picha moja ya zamani, nikalipa shilingi 150,000 ili mnitafutie mahali ilipopigwa. Ni picha aliyoiacha babu yangu mzaa baba, aliyekuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) wakati wa vita vya Hitla. Inaonyesha daraja refu la chuma linaloelea juu ya mto mpana, na askari wanane wamesimama ukingoni.

Ripoti yenu imenifikia wiki iliyopita. Inasema picha ilipigwa mto Sangro, Italia, mwaka 1943. Si kweli. Na kilichoniudhi si kukosea tu, maana kukosea kupo. Jibu mlikuwa nalo mkononi, limeandikwa kwa penseli nyuma ya picha, kwa Kiswahili, na mkalikataa.

Babu aliandika hivi: "Kalewa. Watu wa kifaru. 12/44."

Mtaalamu wenu anaeleza kwamba neno la kwanza ni utani wa askari juu ya mwenzao aliyelewa. Kifaru, anasema, ni kifaru cha kivita, kwa hiyo hawa ni askari wa kikosi cha vifaru. Na 12/44 ni namba ya studio iliyosafisha picha. Nilisoma mara mbili nikidhani macho yangu ndiyo mabovu.

Kalewa ni mji. Uko Burma, nchi inayoitwa Myanmar siku hizi, pale mto Myittha unapoingia mto Chindwin. Nakubali kwamba jina hilo linamchekesha Mswahili, na sidhani kama askari wetu walipita hapo bila kulitania. Lakini mtu anayelipwa kutambua mahali, akikuta neno limekaa peke yake mwanzoni na tarehe iko mwishoni, jambo la kwanza angefungua ramani. Babu hakuonja pombe maisha yake yote. Na hata tuseme mmoja wa wale wanane alikuwa kalewa, ni yupi? Wote wamesimama wima kama nguzo za simu.

Kifaru nacho kina maelezo yake. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa na alama ya kichwa cha kifaru, yule mnyama wa porini mwenye pembe. Chukueni lenzi mtazame bega la askari wa tatu kutoka kushoto. Alama ipo, imefifia lakini ipo. Kifaru cha chuma ndicho kisichoonekana popote. Hakuna hata gari kwenye picha hiyo.

Sasa 12/44. Divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw kutoka mji wa Tamu katika mvua za mwaka 1944, kwenye matope na malaria, chini ya Meja Jenerali Fowkes. Ilifika Kalewa mwanzoni mwa Desemba, ikavuka Chindwin na kushika ukingo wa pili ili wahandisi wapate nafasi ya kujenga. Mwezi huohuo daraja likasimama. Lilikuwa na urefu wa futi 1,154, na linatajwa kuwa refu kuliko madaraja yote ya Bailey, yaani ya vipande vya chuma vya kuunganishwa, yaliyokuwapo wakati ule. Desemba 1944, yaani 12/44. Mtu aliyekuwapo aliandika mahali, kikosi na mwezi katika mstari mmoja, ninyi mkapata mlevi, kifaru cha chuma na namba ya studio.

Nadhani najua Sangro ilivyoingia. Daraja la Bailey la Sangro lilikuwa na futi 1,126 nalo hutajwa mara nyingi pamoja na la Chindwin, hivyo aliyetafuta "daraja refu la Bailey" akachukua jina la kwanza alilokutana nalo. Kisha ripoti ikadai urefu huo "unathibitishwa na picha". Hauwezi kuthibitishwa. Upande wa kulia picha imekatika kabla daraja halijafika ng'ambo. Nimehesabu paneli, vile vipande vya chuma vinavyounda daraja, kwa kutumia skani yenu wenyewe (ambayo ni nzuri, nawapa haki yenu), nikafika 61 kabla hazijaanza kuungana kwa ukungu. Kila paneli ni futi 10. Hizo ni futi 610, na mto bado unaendelea. Tofauti ya futi 28 kati ya Sangro na Chindwin mliipimaje?

Tena mmetumia kurasa tatu nzima kwenye hizo paneli, kana kwamba chuma kitasema kilikuwa nchi gani. Uzuri wa kazi ya mhandisi Donald Bailey ulikuwa hasa kwamba vipande vyake ni vilevile kila mahali: paneli ya futi 10 kwa 5, kilo kama 260, watu sita wanaibeba, wanaiunganisha na nyingine kwa pini, hakuna haja ya kreni. Paneli ya Tunisia, ya Italia na ya Burma ukiziweka pamoja hutazitofautisha. Katika picha kama hii, daraja ndicho kitu cha mwisho kuulizwa mahali. Cha kwanza ni mto, kingo zake, mimea, mavazi na watu.

Mto upo: nyuma ya daraja unaonekana mto mwingine mdogo ukiingia kwenye mkubwa, jambo ambalo ripoti haikuligusa kabisa. Ukingoni kuna mianzi. Askari wamekunja mikono ya mashati na kuvaa zile kofia pana zilizokunjwa upande mmoja, ambazo Keya walizivaa Burma.

Na watu ndio mlionishinda kabisa. Ripoti, ukurasa wa nne, inawaita "vibarua wenyeji". Wenyeji wa wapi, Ndugu Meneja? Wa Italia? Babu yangu alitoka Tanganyika, akavuka Bahari ya Hindi na bunduki begani, na leo karatasi yenye muhuri wenu inamfanya kibarua aliyezaliwa kando ya mto Sangro.

Nilipopiga simu, kijana wa mapokezi alinijibu kwa adabu kwamba ripoti "imeshafungwa" na kwamba nikitaka ifunguliwe nilipe tena nusu ya ada. Sitalipa.

Lipo na jambo la lebo. Picha imerudi ikiwa na lebo yenu ya gundi nyuma, imeandikwa "Mto Sangro, Italia, 1943". Imebandikwa juu ya mwandiko wa babu, na neno "Kalewa" limebaki herufi tatu za mwisho. Nafasi tupu ilikuwepo chini, tele.

Naomba yafuatayo. Mnirudishie shilingi 150,000 zote. Mfute maelezo ya Sangro kwenye orodha yenu ya picha za kuuza, ambako niliruhusu nakala iwekwe kwa kuamini itapewa jina sahihi, na muandike: Kalewa, mto Chindwin, Burma, Desemba 1944, askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Kama kuna mtu amekwisha kununua nakala yenye maelezo ya zamani, mumwandikie. Neno "vibarua" litoke popote lilipo.

Lebo iondolewe kwa gharama yenu na fundi wa kuhifadhi nyaraka, mbele yangu. Sitaki mtu wa kuibandua kwa kucha wala kwa mvuke wa birika. Penseli ya mwaka 1944 haina wa kuiandika upya. Picha sitaituma tena kwa posta. Mkinipa tarehe, nitaileta mwenyewe na kuondoka nayo siku hiyohiyo.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Nimeambatanisha nakala ya risiti, ukurasa wa nne wa ripoti, na picha niliyoipiga kwa simu nyuma ya ile ya babu kabla sijawaletea, ambapo maneno yake yote bado yanasomeka.

Wenu,
Mteja, na mjukuu wa askari wa tano kutoka kushoto