Michembe ya matufaha

Isevya, Tabora
24 Agosti

Mama Mapacha, shoga yangu,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye vumbi na baridi ya asubuhi. Sisi wazima, mama mkwe anakusalimia, watoto wanauliza wale mapacha wameota meno mangapi. Wifi anapanda treni kuja huko kwenu Kigoma wiki hii, nikaona nimpe mzigo wako na barua pamoja. Ukiifungua hiyo chupa bila maelezo utadhani nimekutumia dawa ya mitishamba.

Ni matufaha. Sokoni ukisema tufaha wanakutazama kama mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo niseme epo. Ni epo zilizokaushwa, na nimezikausha mwenyewe uani kwangu.

Kisa chenyewe ni ile harusi ya mdogo wangu, ambayo wewe uliikosa na bado sijakusamehe. Kamati ilinunua maboksi mawili kwa ajili ya kupamba meza kuu. Sasa wewe niambie, nani anagusa epo pilau ikiwa mezani? Boksi moja zima, kilo 18, lilirudi halijafunguliwa, na likashushwa kwangu, kwa sababu dada mkubwa ndiye stoo ya ukoo. Watoto walikula siku tatu mfululizo hadi wakaanza kuyarushiana kama mpira. Friji yangu unaijua, ikiingia sufuria moja ya maharage imejaa. Siku ya nne nikasikia lile boksi linanukia utamu wa kulegea, nikajua nikichelewa nitalisha mbuzi wa jirani.

Nikamkumbuka bibi. Unakumbuka tulipokwenda kwake Uyui likizo ile, akatukalisha juu ya jabali na visu, tunakata viazi vitamu mpaka vidole vinatoka malengelenge? Michembe yake, vile viazi vilivyokaushwa, ilikuwa inakaa hadi mvua za mwaka unaofuata na haioti hata doa. Nikajisemea, kama bibi aliweza kiazi, epo inanishinda nini?

Ilinishinda, shoga. Mara mbili.

Mara ya kwanza nilikata vipande vinene kama vya michembe, nikavitandaza juu ya bati lililobaki tulipoezeka banda la kuku. Jua la Agosti huku unalijua: kali, na upepo mkavu. Bati likawaka. Kufika saa tisa vipande vimekuwa vigumu juu, nikavibonyeza, nikaridhika. Siku ya pili jioni nikavimimina kwenye ndoo yenye mfuniko nikajisifia. Baada ya siku sita nafungua, ukungu kama pamba. Kilo tatu za epo zikaenda shimoni. Na hata vile nilivyoonja kabla havijaharibika vilikuwa na ladha ya kama umelamba funguo. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba epo ina uchachu, na bati lina zinki juu yake, vikigusana tunda linakula ile zinki. Kiazi hakina uchachu wa namna hiyo.

Ule ugumu wa juu ndio ulionidanganya. Mjomba wangu wa Urambo, yule wa tumbaku, nilipomsimulia alicheka hadi akakaa chini. Akasema, kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, huwezi kuwasha moto mkubwa siku ya kwanza, moto unapandishwa polepole, jani litoe maji yake kwa utaratibu. Ukikimbiza, ngozi ya nje inajifunga na maji yanabaki ndani. Epo ni maji tupu: kilo moja ikiwa mezani, gramu 850 hivi ni maji. Nilikuwa nimeyafungia humo humo.

Mara ya pili nikajifanya mtaalamu. Nilisikia kwamba ukichovya vipande kwenye maji ya asali havigeuki rangi. Ni kweli, havigeuki sana. Lakini shoga, mimi naishi Tabora! Nyuki wa mkoa huu wanaweza kunusa asali kutoka Sikonge. Nilitoka kuanika nguo saa nne nikakuta vipande vimefunikwa na nyuki wanaong'aa, wanatembea juu ya epo zangu kama wako kwenye mkutano. Mama mkwe akafungiwa chumbani, kuku wakakimbia, na mimi nilisubiri mpaka magharibi ndipo nikathubutu kukaribia. Vilivyobaki vilikuwa vinanata kama gundi, watoto wakavimaliza kabla havijakauka. Hiyo habari ya asali waachie watu wenye jiko la umeme la kuokea ndani ya nyumba.

Mara ya tatu ndiyo hii unayoishika mkononi. Nakueleza yote, maana najua utataka kujaribu, na wewe hupendi kuambiwa nusu nusu.

Niliosha, nikamenya. Zile epo za madukani nyingi zimepakwa nta ili zing'ae na zisinyauke, na nta hiyo inazuia maji kutoka, achilia mbali kwamba ganda likikauka linatafunika kama karatasi. Nikatoa kokwa, nikakata vipande vyembamba, nusu sentimita, na hapa usicheze. Kipande kimoja kikiwa kinene na kingine chembamba, kimoja kitakauka leo na mwenzake kesho kutwa, halafu yule mbichi atawaharibu wote chupani. Kila nilichokata kilikwenda moja kwa moja kwenye beseni la maji ya limau, nusu juisi na nusu maji, kikakaa dakika 10. Bila limau epo inageuka kahawia kama ndizi ya kupika iliyoachwa bila maji. Haijaoza, ni hewa tu imeigusa, lakini nani atakula kitu cha rangi ya sanduku la bibi?

Kichanja ni wewe ulinifundisha, ingawa hujui. Uliniambia pale Kibirizi dagaa wa kichanja wanapendwa kuliko wa mchangani, kwa sababu hawana mchanga na upepo unapita juu na chini. Nikamwambia fundi anipigilie fremu mbili za mbao, tukatandika wavu wa plastiki, tukaziinua juu ya matofali. Za kufunika nilitaka kuchukua chandarua cha zamani, nikakumbuka kwamba vile vya kugawiwa vina dawa ya mbu, havifai kugusa chakula. Nikaenda kwenye kapu la mapambo nikatoa shela la bibi harusi. Ndiyo, shela! Jeupe, jepesi, nzi hapiti na upepo unapita. Mdogo wangu alipopigiwa simu alipiga kelele, kisha akacheka, kisha akasema nisiliweke doa. Doa lipo. Usimwambie.

Siku tatu. Asubuhi natoa vipande nje umande ukishakauka, mchana nageuza kila kipande mara moja au mbili, jioni naingiza ndani kabla jua halijazama. Ukiviacha nje usiku vinanywa tena unyevu uliotoka mchana, unarudi nyuma kama mtu anayechota maji kwa tenga.

Sasa kujua kama vimeiva kukauka, hapa ndipo mimi na bibi tulipoachana. Mchembe ukikauka unavunjika, kah! Dagaa pia wako hivyo hivyo. Nilikuwa nasubiri epo ivunjike. Haivunjiki, labda uikaushe hadi iwe kipande cha chungu. Kiazi kina wanga mwingi, epo ina sukari, na sukari inabaki na ulaini wake. Basi chukua kipande, kiache kipoe kivulini kwanza, maana kikiwa na joto kila kipande ni laini. Kikunje. Kikijikunja kama ngozi ya kiatu bila kukatika, sawa. Kisha kichane katikati na ubonyeze pale palipochanika: ukiona hata kitone cha unyevu, kirudishe juani. Na vikunje viwili pamoja: vikigandana, bado.

Baada ya hapo usikimbilie kufunga. Nilijaza chupa za kioo, lakini si hadi juu, theluthi mbili tu, nikafunga vifuniko na kuziweka kabatini. Kila siku natoa, natikisa, natazama. Vipande vilivyokauka zaidi vinanyonya unyevu wa vile vilivyochelewa, vinasawazishana. Wiki nzima nilifanya hivyo. Chupa moja siku ya pili nikaona ukungu wa mvuke ndani ya kifuniko, nikaimwaga yote kichanjani siku moja zaidi. Ingekuwa ndoo nisingeona kitu, ndiyo maana nimekazania kioo. Kama ungekuwa ukungu wenyewe, ule wa pamba, hapo ni kutupa chupa nzima, usichague chague.

Halafu kuna wadudu. Kitu kilichokaa juani siku tatu hata chini ya shela hakikosi mayai ya visivyoonekana. Jirani anayeuza barafu za ubuyu alinipa kona kwenye friza yake saa 48, ikiwa imewekwa kwenye baridi kali kabisa. Umeme ulikatika mara moja kwa muda mrefu, tukaanza kuhesabu upya. Malipo yake yalikuwa epo, na sasa ananisalimia kwa sauti mpya.

Katika kilo kumi na ushei nilizomenya awamu hiyo, nimepata kilo moja na nusu hivi. Nimefunga vifurushi vidogo vidogo, ili nikifungua kimoja vingine visipigwe na hewa. Vikihifadhiwa mahali pa giza na pa baridi vinafika hata mwaka, lakini nyumba yangu Oktoba inakuwa tanuri, kwa hiyo mimi najihesabia miezi sita. Kwa mwendo wa watoto hawa, hata sita ni ndoto. Wanakwenda navyo shule na karanga. Mimi nakatakata kwenye uji wa asubuhi, au naloweka kikombe kwa kikombe cha maji ya moto, vinavimba, vinakuwa kama vimepikwa.

Angalia jambo moja. Mama mkwe ana kisukari, na siku ya kwanza alikaa na bakuli akidhani anakula tunda tu. Maji yameondoka, sukari imebaki yote. Epo nzima ikikauka inajaa kiganjani, na mtu anaweza kula nne akisubiri taarifa ya habari. Sasa nampimia vipande vitatu, na ananiita polisi.

Wifi ananiuliza kwa nini nisifanye biashara. Ya epo? Tunda linalotoka Afrika Kusini, linauzwa moja moja kama yai, ukishalikausha utaliuza bei gani? Mimi ninalowaza ni embe. Mji huu una maembe mpaka barabarani, yanaoza kwa matoroli. Lakini nilipokaa nikafikiri nikaona kwa nini bibi hakuwahi kukausha embe hata moja. Kiazi kinachimbwa mvua zikiisha, kinakutana na jua la Juni na Julai. Embe linaiva Novemba, Desemba, mvua ikiwa mlangoni. Kichanja changu na shela langu havitafua dafu. Inabidi kikaushio cha kufunikwa, cha nailoni, chenye joto lake ndani hata mawingu yakija. Huko kwenu watu wa dagaa wana shida hiyo hiyo ya mvua. Hebu waulize wanafanyaje, kuna anayekausha ndani ya kibanda cha nailoni? Kinajengwaje, hewa inaingilia wapi? Niandikie kwa kirefu, na uchore hata kama hujui kuchora.

Kwako wewe nina wasiwasi na hewa ya ziwa. Huku ni kukavu, ukiacha kipande mezani kutwa nzima kinabaki vile vile. Huko ukifungua chupa, toa unachokula na ufunge saa hiyo hiyo. Baada ya wiki kunja kipande kimoja uniambie kama kimelegea. Na mapacha usiwape vipande vizima, ni vigumu kwa meno mawili. Loweka, ponda.

Wifi nimemkataza kuifungua njiani, lakini kutoka hapa hadi kwenu ni mbali, na akifika Uvinza njaa itakuwa imemshauri vingine. Ikikufikia nusu, ujue ni nani.

Chupa yenyewe ni ya mama mkwe, na anazihesabu. Irudishe na wifi akirudi. Dagaa wa kichanja wanaenea humo vizuri sana, nimeshapima kwa macho.

Ni mimi shoga yako,
Dada Mkubwa wa Isevya