Warusi waliwahi kuuziwa bastola madukani

Mhariri,

Wanaodai raia wa Urusi hawajawahi kuruhusiwa bastola wanasahau enzi za mfalme, zilipouzwa madukani. Waliofunga mlango ni Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa madaraka mwaka 1917: amri ya Desemba 1918 iliwataka raia wasalimishe raifoli na bastola, ila mwanachama wa chama chao aliachiwa raifoli moja na bastola moja. Usawa, eti! Bunduki za marisau za kuwindia hazikuguswa.

Sheria ya 1996 nayo inamnyima raia wa kawaida bastola, na mwindaji anayetaka raifoli hutakiwa kwanza awe amemiliki bunduki ya marisau miaka mitano. Baada ya mauaji ya shuleni katika mji wa Kazan, Urusi, Mei 2021, umri wa kununua ulipandishwa kutoka miaka 18 hadi 21. Hilo naliunga mkono.

Msomaji wenu,
Morogoro