Barua ya wazi kwa binamu yangu wa Tukuyu: waache waanze upya

Binamu, ugonile. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na matusi yote ya utani. Unasema Hollywood wameishiwa: kwenye muvi za mashujaa kama Superman na Spider-Man, kila baada ya miaka michache wanafuta kila kitu na kuanza upya badala ya kuendeleza muvi pale ilipoishia. Nakujibu hadharani, na shangazi naye asome ajue mwanawe anabishia nini.

Hao mastelingi hawazeeki. Superman alitoka mwaka 1938, Spider-Man 1962, na kwenye vitabu vya katuni bado ni vijana. Anayezeeka ni mwigizaji. Christopher Reeve alianza kuwa Superman 1978 na akafariki 2004. Ulitaka Superman azikwe naye? Bibi alipotusimulia, Fisi alikufa jana, leo yupo tena anafukuzia nyama, na hukuwahi kuuliza hiyo ni sehemu ya ngapi.

Tena kuendeleza kuna gharama yake, na anayeilipa ni mtazamaji. Chukua The Marvels ya 2023. Kumwelewa shujaa mmoja, Monica Rambeau, ilibidi uwe umeitazama tamthilia ya WandaVision, na mwenzake Kamala Khan naye ana tamthilia yake peke yake. DJ anayetafsiri atafanyaje hapo? Atasimulia ya nyuma au ngumi zinazopigwa mbele yake? Muvi iliingiza kama dola milioni 206, chini kuliko zote za Marvel Studios zilizoitangulia, na sishangai. Mtu aliyeingia kibanda cha video Mwanjelwa kukimbia mvua anataka aelewe nani adui, basi.

Kwenye hela sikupingi. Sony wanashikilia haki za filamu za Spider-Man, na ili wabaki nazo lazima muvi ziendelee kutoka. Ndiyo maana Spider-Man ya nne ya mwongozaji Sam Raimi ilipofutwa 2010, kufika 2012 tayari tuna Spider-Man mpya, Andrew Garfield. Miaka mitano tu baada ya ile ya mwisho ya Tobey Maguire, Spider-Man wa Raimi!

Ila kilichoniudhi mimi pale ni msiba. Uncle Ben, mjomba aliyemlea Spider-Man, tulimlilia 2002, 2012 wakamuua tena, tukakaa matanga upya kwa mtu tuliyekwisha kumzika. Ya nini? Hata watoto wa Uyole wanajua buibui alimng'ata nani. Tom Holland alipoingia kama Spider-Man 2016 hatukuonyeshwa buibui wala kaburi, na sijasikia mtu aliyepotea. Batman wa Robert Pattinson 2022 vilevile: wazazi wa Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, walishauawa zamani, kazi inaendelea. Na Superman wa mwongozaji James Gunn, 2025, maandishi machache mwanzoni, halafu huyo hapo kaanguka kwenye theluji, kashapigwa tayari. Hakuna kichanga kuletwa duniani kwenye chombo cha anga, hakuna kumkuza shambani kwa nusu saa. Kuanza upya kwa namna hiyo nani atakataa?

Najua utaniletea No Way Home ya 2021, iliyowakutanisha Maguire, Garfield na Holland, utasema watu walipiga kelele kwa sababu ya kumbukumbu za miaka ishirini. Sawa. Lakini wale Spider-Man watatu wangepatikana wapi kama 2010 wangekusikiliza wewe?

Nasubiri majibu. Na ile flashi yangu mpe konda wa basi la mchana.