Barua kwa mwanangu: mtaa wetu mwaka ule wa korona

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako kwa baba nimezifikisha, naye anauliza wajukuu wamefunga shule lini.

Nimeona heri nikuandikie, maana swali lako la juzi si la kujibiwa kwa simu huku salio likikatika. Unasema hapo Nairobi wamekuchagua mzee wa kanisa, na kamati yenu inataka kuandika utaratibu wa kufuata ikiwa maradhi kama yale yatarudi. Ukaniuliza, "Mama, nyinyi Marangu hamkufungiwa kanisa hata Jumapili moja, mliishije?" Uliuliza kama mtu anayedhani tulikuwa tunakula raha.

Kumbuka tarehe. Ilikuwa Jumapili, 22 Machi 2020. Siku hiyo waziri wenu wa afya, Mutahi Kagwe, alisimamisha mikusanyiko ya ibada, makanisa kwa misikiti. Siku hiyohiyo Rais Magufuli, Mungu amrehemu, alikuwa kanisani Dodoma akisema nyumba za ibada zisifungwe. Kwenu neno lilitoka juu, mkatii au mkanung'unika, lakini lilikuwa limekwisha. Kwetu mlango uliachwa wazi. Mlango ukiachwa wazi, wanaobaki kugombana ni waliomo ndani.

Na tuligombana. Baraza la wazee wa mtaa wetu, yaani tawi letu dogo la usharika, lilikaa ofisini kwa mwinjilisti mpaka taa ikawashwa. Mmoja, humjui kwa jina bali unaijua sauti yake, alisema anayeogopa kuja kanisani imani yake ina upungufu. Muuguzi wetu wa zahanati akamwuliza, basi akiugua baba yako mzazi utamleta kwangu au utamleta madhabahuni? Wakanyamaza wote. Dayosisi ilikuwa imeshatoa maelekezo, kunawa mikono, kuacha kushikana, kukaa mbalimbali, lakini maelekezo hayamwambii mtu ni nani akae benchi lipi wala nani amwambie mama mkwe wake abaki nyumbani. Hayo tuliyapanga wenyewe. Ibada zikawa mbili, watu watatu kwa benchi, na wazee wenye umri mkubwa wakaombwa wabaki nyumbani. Nasema wakaombwa. Kwenu Julai mlipofungua, watu mia, saa moja tu, aliyepita miaka 58 akazuiwa kuingia. Ingekuwa huku, mimi na baba yako na nusu ya baraza tungesalia getini.

Ndoo za koki na vibuyu chirizi vya kunawia vijana walivitengeneza upesi, barakoa akina mama wakashona kwa mabaki ya vitenge, na hayo hayakutusumbua. Kilichotusumbua ni mduara. Unaujua ule mduara wetu wa kutoka kanisani, mwinjilisti na wazee wanatangulia, kila anayetoka anamshika mkono kila aliyetangulia, halafu anajiunga mwishoni, mpaka kanisa zima linakuwa nje limezunguka na hakuna ambaye hajamshika mwenzake, hata mtoto wa mgongoni. Kwa watu wengine ule ndio mkono pekee wanaoshikwa wiki nzima. Jumapili ya kwanza bila kushikana, watu walitoka wakasimama uwanjani kama abiria waliokosa basi. Wengine walificha mikono chini ya kanga ili isiwaponyoke. Mpaka kiongozi wa kwaya akaanzisha pambio, tukaimba tukiwa tumeachana hatua mbili mbili, tukaenda mnadani, pale sadaka za mazao zinaponadiwa baada ya ibada.

Mnada nao! Baba yako ndiye mnadishaji, kwa hiyo nilisikia malalamiko kanisani na nyumbani. Zamani watu walimzonga, huyu anaminya parachichi, yule anapima uzito wa jogoo kwa mkono. Sasa kila kitu kikawekwa juu ya jiwe lake, yeye akapanda kwenye ngazi za kanisa, na anayetaka anyooshe mkono. Barakoa aliivaa ibada nzima ila mnadani aliishusha, akasema mnada hauendeshwi kwa kunong'ona, mradi yuko mbali na watu. Muuguzi alimwangalia, akaacha. Hapo nilijua kwamba utaratibu wetu utaishi, kwa kuwa ulijua pa kulegea.

Kikombe cha Bwana kilileta mjadala mrefu zaidi. Mchungaji hafiki mtaani kwetu kila Jumapili, na akifika tulizoea kikombe kimoja, kinafutwa kitambaa, kinakwenda. Akaja na vikombe vidogo. Wazee wakasema huku si kushiriki, ni kila mtu na chake. Nikasikiliza nikacheka moyoni, maana baadhi yao walikuwa wakitoka pale wanakwenda kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kata moja ya kibuyu watu kumi, na hakuna aliyeitisha kikao juu ya ile kata. Vikombe vidogo vimebaki mpaka leo.

Sasa niseme juu ya wazee waliobaki nyumbani, kwa sababu hapo ndipo nataka kamati yenu isikilize. Tulidhani redio itatosha. Sauti ya Injili ya Moshi inasikika vizuri huku, mtu anakaa jikoni kwake anaipata ibada nzima. Lakini redio haijui kama umelala njaa. Unamkumbuka yule bibi anayekaa juu ya mfereji, aliyekuwa akiwafukuza kwenye mapera yake? Mwinjilisti alimwendea Jumapili baada ya ibada ya pili, akasimama uwanjani, bibi akakaa mlangoni kwenye kigoda. Akamsomea neno, akamwombea kutoka pale. Bibi akamwuliza, "Unaniogopa mimi, au nikuogope mimi wewe?" Mwinjilisti akamjibu, "Mimi ndiye niliyekutana na watu wengi leo, bibi. Uniogope mimi." Akaridhika. Lakini sadaka yake hakutaka mtu amtolee. Alikuwa na mayai kwenye kikapu, akayaweka juu ya jiwe, akarudi mlangoni, ndipo kijana akayachukua.

Mayai yale yalikwenda mnadani Jumapili iliyofuata kwa jina lake. Baba yako alipotangaza kwamba ni ya bibi wa juu ya mfereji, watu walipandishiana bei mpaka ikawa kichekesho, mmoja akanunua akarudisha yanadiwe tena, wa pili naye hivyo hivyo. Na bibi alitaka taarifa kamili. Yalikwenda kwa shilingi ngapi, nani alinunua, nani alirudisha. Kijana akikosea hesabu anarudishwa akaulize. Baada ya hapo kila mzee akataka kitu chake kinadiwe, hata kama ni fungu la majani ya ng'ombe. Kwa njia hiyo walikuwa kanisani. Kiti kilikuwa kitupu lakini jina lilitajwa kwa sauti mbele ya watu, na bei ikasikika.

Kazi hii ya kwenda na kurudi ilifanywa na nani? Na vijana wa mlimani. Hapa ndipo Marangu ilipoumia ambapo mijini hawakuona. Nusu ya vijana wa mtaa wetu ni wapagazi na waongoza watalii, chakula chao kinatoka kwenye lile geti la kupandia Mlima Kilimanjaro. Aprili ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Anga ilifunguliwa tena tarehe 18 Mei, lakini kufungua anga si kuleta wageni. Vijana walishinda barazani, viatu vya mlima vimekauka matope. Baba wa watoto watatu hawezi kuja ofisini kwa mwinjilisti kusema sina unga. Mila zetu unazijua, na jeuri yetu unaijua.

Mama mmoja wa baraza, huyo nampa sifa yake, akasema tusiwape msaada, tuwape kazi. Wakagawiwa wazee, kila mpagazi wawili watatu kwa jumuiya yake, yaani kikundi cha majirani wanaosali pamoja. Amchotee maji, amkatie majani ya ng'ombe, amfikishie dawa ya presha kutoka zahanati, alete mazao yake mnadani, arudishe habari. Na baadhi ya mikungu ya ndizi na debe za mahindi zilizoletwa kama sadaka hazikunadiwa. Baba yako alizitaja tu, "Hili ni la watumishi wa jumuiya," akaendelea na kinachofuata, na jioni lilikuwa limefika kwa mtu. Kulikuwa na wasiwasi kwamba mapato yanayopelekwa usharikani yatapungua, na kweli yalipungua. Mhazini alinuna. Mimi nilisema na bado nasema, kanisa linalopeleka hesabu nzuri usharikani huku mpagazi wake analala na chai kavu limekosea hesabu.

Tarehe 16 Mei serikali yenu ilipofunga mpaka wa Kenya na Tanzania, ukashindwa kuja kumzika babu yako mdogo, ni mmoja wa vijana hao aliyeshika simu ili uone kaburi. Picha ilikuwa inaganda, najua. Alisimama kwenye migomba mkono juu mpaka tulipomaliza, hakubadilisha mkono. Sijui kama uliwahi kumshukuru. Nikumbushe nikupe namba yake.

Halafu ikaja Desemba. Nchi ilikuwa inasema korona imekwisha, na Wachaga wakafanya wanachofanya kila Desemba. Mabasi yalipandisha watu kutoka Dar usiku na mchana, magari yakajaa barabara ya juu. Mtaa wetu wa watu mia na kidogo ukawa hauna pa kukanyaga. Wageni walikuwa wamekaa mwaka mzima wanataka kuwakumbatia wazazi wao, utawaambia nini? Baraza likafunga turubai nje, likatangaza kwamba waliotoka safari wote wakae chini ya turubai na wenyeji ndani. Ilitafsiriwa vibaya. Mtu ametoa mchango mkubwa wa paa, anaambiwa akae nje! Wengine waliondoka wakaenda kusali mtaa wa jirani. Wengi walikaa.

Januari na Februari zilikuwa nzito. Watu walisema nimonia, wakasema changamoto ya upumuaji, kila mtu na lugha yake. Nyungu zikapigwa kila nyumba, mchaichai na mkaratusi na malimau, na mimi pia nilijifunika blanketi, sikatai. Maaskofu Wakatoliki walikuwa wametoa waraka Januari ile wakisema nchi yetu si kisiwa, mwinjilisti wetu akausoma kwenye matangazo ingawa sisi ni Walutheri. Wapo waliouliza kwa nini. Akasema barua ya jirani ikiwa na ukweli haiulizwi imetoka nyumba gani. Tulizika kuliko tulivyozoea. Ndipo tukaacha kupika msibani. Watu walikuja kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwa wafiwa, wakasimama, wakazika, wakaenda kula kwao. Kwa Mchaga kuondoka msibani bila kula ni kama tusi, na wapo ndugu waliosema familia fulani imekuwa bahili. Mwinjilisti alijibeba lawama, akawaambia wafiwa waseme ni amri ya kanisa. Haikuwa amri ya kanisa, ilikuwa makubaliano, lakini wafiwa walipata pa kujifichia. Andikeni hilo kwenye utaratibu wenu: mtu mwenye msiba asiachiwe kazi ya kuwafukuza wageni. Mtoeni yeye mbele, asimame mzee wa kanisa.

Chanjo ilikuja Julai 2021, Rais Samia akachanja hadharani tarehe 28. Kwetu waliotangulia walikuwa wale wapagazi, kwa sababu walitaka wageni warudi. Wazee wakawafuata, kwa kuwa walishazoea kuwasikiliza. Muuguzi alikuwa ametayarisha hotuba ndefu ya kuwashawishi, hakuitumia.

Kwa hiyo kamati yenu ikikaa, usianze na ndoo wala mita za kuachana. Hivyo mtaambiwa na serikali. Anzeni na daftari. Nani anaishi peke yake, nani ana dawa za kila siku, nani hana simu, na jirani gani kijana anaweza kufika kwake kwa mguu. Sisi daftari letu liliandikwa haraka haraka nyuma ya kitabu cha mahudhurio, na majina mengine yalipatikana kwa bahati, mtu anasema kumbe na fulani yupo. Nyinyi mna nafasi ya kuandika kabla. Hapo Nairobi ni vigumu zaidi, najua, watu wanahama nyumba kila mwaka na mzee anaweza kukaa ghorofa ya tano asijulikane. Ndiyo maana liandikwe sasa, na lirudiwe kila baada ya miezi michache, na lisikae kwa mtu mmoja.

Letu bado lipo. Kila jumuiya ina ukurasa wake, na wapagazi wengi wamerudi mlimani, kwa hiyo siku hizi wanaofanya zamu ni wanafunzi wa kipaimara. Wanakosea hesabu za mnada vibaya sana, na bibi wa juu ya mfereji, ambaye angali hai na hasikii vizuri, anawarudisha vilevile.

Nimekupakilia ndizi za kupika na parachichi, zitapanda basi Alhamisi, uzipokee mapema zisikae stendi. Nimeweka na nakala ya kurasa mbili za daftari, nimefuta majina. Baba yako anataka kujua huko kwenu mnadishaji ni nani. Nimemwambia huko sadaka mnatuma kwa simu, akaniuliza sasa watu wanajuaje nani ameleta nini. Mimi sikuwa na jibu. Mpigie umweleze mwenyewe.

Mama yako