Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, pamoja na maelezo kuhusu khanga namba 19

Ndugu wanachama, wazee wetu shikamooni. Mliofika saa tatu kama barua ilivyosema, poleni kwa kusubiri hadi saa tano kasorobo.

Ninawasilisha kwenu taarifa ya chama chetu cha kutunza vitu vya mikutano ya kihistoria, hapa Tabora, kwa mwaka ulioishia Desemba. Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirudia. Tulifanya vikao vinne, tulipokea wanafunzi wa shule mbili za sekondari, tulipanga meza yetu siku ya Saba Saba, na chumba kilisafishwa mara mbili. Waliosafisha walikuwa watu sita, walewale wa mwaka juzi. Daftari la mali lina vitu 212: khanga 37, beji 64, kadi za uanachama 28, picha 71 na mengineyo 12. Kitu kipya cha kujivunia ni beji ya bati ya Mkutano wa Sita wa Pan-Afrika, uliofanyika Juni 1974 katika Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ule wa tano ulifanyika Manchester, Oktoba 1945, Nkrumah na Kenyatta wakiwemo, kwa hiyo huu wa Dar ndio wa kwanza katika mfululizo ule kukanyaga ardhi ya Afrika. Pini yake imeota kutu, lakini maandishi yanasomeka. Niliipata mimi, kwa maongezi ya miezi mitatu na mwenye nayo, na nauli sijadai.

Safari ya Arusha ilifanyika. Walioandikisha majina walikuwa 21, waliopanda basi 9. Makumbusho ya Azimio la Arusha imo ndani ya ukumbi uleule ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, kabla ya Azimio kutangazwa Februari 5. Ilifunguliwa 1977. Ukisimama pale unaelewa kwamba hata jengo ni kumbukumbu ya kikao: watu walikaa hapa, walibishana hapa, walitokea mlango huu. Sisi wa Tabora tuliulizana njia nzima ya kurudi, kuanzia Babati mpaka Singida, kwa nini mkutano wetu wa 1958 hatuna cha kuuonesha. Na hapo ndipo ninapoingia kwenye jambo ambalo najua ndilo limewaleta wengi wenu leo, maana kwa vikao vya kawaida sura nyingine hapa sijaziona tangu Machi.

Khanga namba 19.

Wote mnaijua. Ilitolewa kwa chama na familia ya mwanachama mwenzetu, na kwa miaka saba ilikaa katikati ya kabati la vioo ikiwa na kibandiko kisemacho: "Khanga ya Mkutano wa TANU, Tabora, Januari 1958". Kila mgeni alipelekwa kwake kwanza. Na mkutano wenyewe si wa kufanyiwa utani. Ndipo TANU ilipoamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, masharti ambayo wajumbe wengi waliyaona ni matusi. Mwalimu Nyerere alisimama akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu akajitenga na kuanzisha chama chake. Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, TANU ikashinda. Leo watu wanauita Uamuzi wa Busara. Sasa mji uliozaa uamuzi huo kuwa na khanga moja ya siku zile, nani asingependa? Mimi mwenyewe niliipenda kuliko ninyi nyote.

Wiki mbili kabla ya Saba Saba niliitoa kabatini nibadilishe karatasi iliyokuwa chini yake. Katibu alikuwepo, ameshika simu anamulika. Kwenye mji wa khanga, ile sehemu ya kati, kuna mlima wenye theluji na mwenge juu yake. Jina, yaani maandishi yake, linasema UHURU NA KAZI. Nilikuwa nimeyaona hayo mara mia, lakini siku ile nilikaa chini. Mwenge uliwekwa kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru, Desemba 1961. Hata maneno ya Mwalimu ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro aliyasema mwaka 1959. Januari 1958 nani angeuchora?

Upande mmoja wa khanga ulikuwa umekunjwa na kushonwa kwa mkono, uzi mweusi, mshono wa mtu mwenye subira. Chini ya mkunjo zilionekana herufi kama kivuli. Nilichukua wembe nikakata nyuzi nne. Nne tu, na katibu alizihesabu. Chini yake rangi ilikuwa mbichi kama ya dukani, kwa kuwa jua halikuwahi kuifikia, na pembeni pameandikwa URAFIKI. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilianza kazi mwaka 1968. Khanga za wakati wa mkutano zilikuja kwa meli, kutoka India, Japani na Ulaya.

Nilibadilisha kibandiko siku hiyohiyo. Kikasomeka: "Khanga ya baada ya Uhuru, kiwanda cha Urafiki, si kabla ya 1968". Na sikuipeleka kwenye meza ya Saba Saba.

Yaliyofuata mnayajua, na mengine nimeyasikia njiani kabla ya kuambiwa usoni. Imesemwa kwamba nimemwita marehemu bibi mwenye khanga ile mwongo. Imesemwa nimeharibu mali ya chama kwa wembe. Imesemwa pia, na hili limeniuma, kwamba nataka kabati zima libaki na vitu nilivyovileta mimi. Vitu nilivyoleta ni 31 kati ya 212, daftari liko mezani, hesabuni.

Najibu moja baada ya jingine. Kuhusu wembe: nilipaswa kuita kamati. Nakubali. Lakini wakati ule akidi ya kamati ilikuwa haijatimia tangu Aprili, na kama ningesubiri, Saba Saba ingetukuta tunawaonesha wanafunzi kitu cha miaka kumi baadaye tukikiita cha 1958. Kuhusu bibi: sikumtaja. Inawezekana kabisa alikuwepo Tabora Januari ile, maana akina mama ndio waliobeba TANU mabegani, Bibi Titi Mohamed akiwa mbele yao. Alikuwa na khanga nyingine, ikachakaa, ikawa ya kubebea mtoto, kisha tambara la jikoni. Baadaye akanunua hii, na habari ikahamia kwenye nguo iliyobaki. Hivyo ndivyo vitu vinavyokaa majumbani. Hakuna uongo hapo, lakini kibandiko chetu hakiwezi kuandika alichokumbuka mtu kana kwamba kimeandikwa kwenye nguo.

Mwanachama mmoja alisema kikaoni, "Mwenyekiti, wageni hawajui, ungenyamaza tu." Wageni hawajui, sawa. Lakini mama mmoja muuza khanga pale sokoni angesimama mbele ya kabati, akashika pindo, akatucheka kwa sauti.

Pendekezo langu, ambalo kamati ililipitisha kwa kura tatu dhidi ya mbili, ni khanga irudi kabatini ikiwa na vibandiko viwili: kimoja cha kiwanda na umri wa nguo, cha pili chenye masimulizi ya familia kama walivyotoa wao, kwa maneno yao. Familia imeomba irudishiwe khanga yao. Hati ya makabidhiano inasema "imetolewa", haisemi "imeazimwa". Hata hivyo wakisisitiza, mimi sitashikana nao mlangoni. Zile nyuzi nne nimezihifadhi kwenye bahasha.

Sasa fedha. Wanachama ni 43, ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 17, wengine wamepunguza punguza jumla 96,000, kwa hiyo ada iliyoingia ni 504,000 na deni ni 528,000. Watano wamesema hawatalipa kwa sababu ya khanga. Watatu kati yao wanadaiwa tangu mwaka juzi, khanga ikiwa bado imetulia kabatini. Msaada 350,000, salio anzia 112,500. Matumizi: pango 360,000, mchango wa safari 240,000, maboksi, pamba na karatasi zisizo na asidi 145,000, chai na vitafunwa 88,000. Salio 133,500. Mahudhurio ya vikao: 26, 19, 11, 14. Akidi ni 22, fanyeni hesabu wenyewe ni vikao vingapi vilikuwa halali.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kupata chumba kisichovuja, kurekodi sauti za wazee waliobaki wanaoukumbuka mkutano wa 1958, na ikiwezekana kutafuta khanga ya kweli ya wakati ule. Aliyenayo kwenye sanduku la mama yake asiifue. Ailete ilivyo, na harufu yake.

Ada zipokelewe na mweka hazina pale mlangoni, ana stakabadhi. Ufunguo wa kabati uko kwa katibu tangu Julai, hauko kwangu.

Mwenyekiti