Risala ya Wanamichezo na Wanavilabu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana. Vikombe unavyoviona mezani vina wenyewe, nao watapigiwa makofi. Sisi tumetumwa kuwasemea waliokaa nje.

Kanuni ya shule inajulikana: anayeanguka somo hachezi, haimbi kwaya wala hasimami kwenye mdahalo mpaka matokeo ya mwisho wa muhula. Hatuombi ifutwe. Mchezaji ni mwanafunzi kwanza, hilo hatubishani nalo.

Kanuni za namna hii zipo kwingi. Jimbo la Texas, Marekani, liliiweka kwenye sheria mwaka 1984: aliyepata chini ya 70 kwa 100 alisimamishwa wiki sita. Wazazi waliipinga hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, wakashindwa mwaka 1985. Ila miaka kumi baadaye wabunge wenyewe waliilegeza. Kusimamishwa kukawa wiki tatu, na leo aliyesimamishwa anaruhusiwa kufanya mazoezi na wenzake. Anachokosa ni mashindano na maonyesho. Masomo ya ngazi ya juu nayo yanaweza kusamehewa, mtu asije akalikimbia somo gumu kwa kuogopa kukosa jezi. (Kwetu wapo walioikimbia fizikia hivyo hivyo. Majina tunayahifadhi.)

Mheshimiwa, muhula mzima ni mrefu mno. Mwezi wa kwanza aliyesimamishwa anajitahidi. Wa pili anafaulu jaribio, anaona hakuna kilichobadilika. Wa tatu haonekani uwanjani, na darasani anaonekana kwa nadra. Adhabu iliyokusudiwa kumrudisha kwenye daftari imemwondolea sababu ya kulifungua.

Tena wengi hujua kwamba hawamo siku ya mechi yenyewe, basi likiwa limeshawashwa.

Kwa hiyo tunaomba alama zipitiwe kila baada ya wiki tatu, na aliyejirekebisha arudishwe papo hapo. Mwenye dalili za kuanguka aambiwe mapema, yeye na mzazi wake. Aliyesimamishwa aendelee na mazoezi, mradi awe amehudhuria kwanza masomo ya ziada. Makocha wetu wamekubali kusogeza muda. Tunakuomba wewe, mheshimiwa, utufikishie haya kwenye bodi ya shule, ambako sauti yako inasikika kuliko yetu.

Tunaomba kuwasilisha.