Malalamiko kuhusu maandishi ya Kiswahili katika filamu yenu ya fainali ya 1983

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

YAH: MAANDISHI YA KISWAHILI YANAYOHARIBU FILAMU YA FAINALI YA NC STATE NA HOUSTON

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunalipia huduma yenu ya filamu kila mwezi, na malalamiko haya yanahusu filamu moja tu: ile ya kumbukumbu za mashabiki walioshuhudia NC State ikiifunga Houston 54–52 katika fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, mjini Albuquerque, Aprili 4, 1983. Picha ni safi, na sauti ya uwanjani mmeiacha kama ilivyokuwa, jambo tunalolishukuru. Kilichoharibika ni maandishi ya Kiswahili yanayopita chini ya kioo. Asiyejua Kiingereza akiyafuata hawezi kuelewa kwa nini watu wazima wanalia wakisimulia mechi ile.

Tuanze na muda. Maandishi yanaanza sambamba na sauti, kisha yanatangulia kidogo kidogo. Dakika ya 10 yametangulia kama sekunde 25. Kufika dakika ya 58, Lorenzo Charles wa NC State anapoukamata mpira hewani, yametangulia kwa dakika 2 na sekunde 23. Yaani Alvin Franklin wa Houston bado yuko kwenye mstari wa mitupo huru, matokeo ni 52–52, na kioo kimeshatangaza bingwa. Mlitujibu kwamba ni intaneti yetu. Hapana. Intaneti ikisumbua, picha hukwama na sauti hukwama nayo. Pengo linalokua kwa kiwango kile kile tangu mwanzo hadi mwisho ni dalili ya maandishi yaliyopangiwa muda kwenye nakala ya picha 25 kwa sekunde, kisha yakabandikwa kwenye nakala ya picha 23.976. Dawa ni kuzidisha kila muda, wa kuanza na wa kuisha, kwa 1.0427. Mstari unaotokea sasa 55:37 utahamia 58:00, mahali pake. Msisogeze faili zima mbele kwa dakika mbili na ushei: mwisho utapona, mwanzo utaugua.

Hilo ni la fundi, na ni kazi ya dakika tano. La mfasiri ni zito zaidi. Ameitazama mechi ya 1983 kwa sheria za leo, na kila alipoona kitu asichokielewa amekijaza kwa anachokijua.

Maandishi yenu yanasema NC State "inasubiri sekunde 24 ziishe" kabla ya kurusha mpira wa mwisho. Fainali ile haikuwa na saa ya kurusha kabisa, yaani saa inayoilazimisha timu kurusha mpira ndani ya muda fulani. Timu yenye mpira iliweza kuushika itakavyo, na ndiyo maana baada ya Franklin kukosa, ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde 5, NC State ilikaa na mpira karibu muda wote uliosalia. Mtazamaji aliyezoea sekunde 24 atadhani waamuzi walisinzia. Saa ya sekunde 45 ilianza kwa vyuo vyote msimu wa 1985–86. Bila kulijua hilo huwezi hata kueleza mkakati wa Jim Valvano, kocha wa NC State. Houston ilitoka mapumziko ikiwa nyuma 33–25, ikapindua meza hadi kuongoza 42–35, kisha kocha wake Guy Lewis akapunguza kasi ili kulinda uongozi. Kwa kuwa hakukuwa na saa ya kumlazimisha mpinzani arushe, njia ya uhakika zaidi ya NC State kuupata mpira ilikuwa kufanya faulo makusudi, kumpeleka mtu kwenye mstari na kuomba akose. Ninyi mmeandika kwamba NC State "ilicheza kwa hasira". Hasira haikuwemo, ulikuwa ni mpango.

Papo hapo kuna mtupo wa Franklin wenyewe. Mmeandika "amekosa mtupo wa kwanza kati ya miwili", na mtazamaji anakaa kusubiri wa pili usiokuja. Kwa sheria za vyuo za wakati ule, kuanzia faulo ya saba ya timu katika kipindi, faulo ya kawaida ilizaa mtupo mmoja, na wa pili ulipatikana tu ukifunga wa kwanza. Ukikosa, mpira uko hai. Hiyo ndiyo sababu Cozell McQueen wa NC State anaruka kuchukua rebaundi, yaani mpira uliorudi baada ya mtupo kukosa, na hiyo ndiyo sababu mashabiki wa Raleigh, mji wa NC State, kwenye filamu wanaukumbuka mtupo huo kuliko hata danki ya mwisho ya Charles. Andikeni hivi: "Amekosa! Mpira uko hai!" Herufi hazizidi 25, zinasomeka ndani ya sekunde mbili.

Kuhusu pointi tatu, tunaomba umakini maana kosa lina mitego. Mitupo ya mbali ya Dereck Whittenburg wa NC State iliyoisawazisha fainali ilihesabiwa pointi 2 kila mmoja. Mstari wa pointi tatu ulikuja kwa vyuo vyote 1986–87. Maandishi yenu yanaipa tatu, kisha yanaonyesha 52–52, hesabu isiyojumlika. Lakini msifute "pointi tatu" filamu nzima. Msimu ule ule ACC, ligi ya NC State, ilikuwa kwenye majaribio: saa ya kurusha ya sekunde 30 na mstari wa pointi tatu wa futi 17 na inchi 9, kama mita 5.4. Kwa hiyo kwenye sehemu ya mechi za ACC pointi tatu ni halali, na zikibaki ndipo mtazamaji atakapoelewa kwamba Whittenburg alifika Albuquerque akiwa mtu aliyepunguziwa silaha. Vilevile futeni "robo ya nne". Vyuo vilicheza vipindi viwili vya dakika 20.

Sasa kosa kubwa kuliko yote. Kwenye tukio la mwisho mmeandika kwamba Charles "aliusindikiza mpira uliokuwa ukiingia". Mkifanya hivyo mmekifuta kikapu cha ushindi! Mshambuliaji akigusa mpira unaoshuka juu ya ringi ukiwa na nafasi ya kuingia, kikapu hakihesabiwi. Whittenburg alirusha kutoka kama mita 9, baada ya Benny Anders wa Houston kukaribia kupora pasi, na mpira ulikuwa mfupi. Haukuwa na pa kuingilia. Charles aliukamata mbele ya ringi na kuutumbukiza, huku Olajuwon wa Houston akiwa chini bila kuruka. Ufupi wa mpira ndio ulioiokoa NC State: ungekuwa mzuri kidogo tu, ukagonga chuma, pengine Olajuwon angeuchukua, kwani usiku huo alikuwa na rebaundi 18.

Na kwa kuwa tumemtaja: maandishi yanamwita "mchezaji bora kutoka timu bingwa". Akeem Olajuwon, kama jina lake lilivyoandikwa wakati ule, kijana wa Lagos, alikuwa wa Houston. Alifunga pointi 20 na kuzuia mitupo 7, akachaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho akiwa upande ulioshindwa. Mfasiri aliona tuzo, akakisia timu.

Maneno mengine yanaonyesha mashine iliyoachwa peke yake. NC State ni "mbegu ya sita". Semeni ilipangwa ya sita katika Kanda ya Magharibi. "Timu ya Cinderella", yaani kibonde anayewashangaza vigogo, imetafsiriwa kana kwamba kuna chuo chenye jina hilo, wakati Kiswahili cha michezo kina vibonde na vigogo siku zote. Jina la utani la Cardiac Pack limekuwa "pakiti ya moyo". Wale walikuwa timu ya kupandisha presha: walihitaji dakika za nyongeza mara mbili kuitoa Pepperdine 69–67, wakaifunga UNLV 71–70, wakaitoa Virginia ya Ralph Sampson 63–62. "Hewa nyembamba" ya Albuquerque ni uhaba wa hewa kutokana na mwinuko, mita 1,600 hivi, pungufu kidogo ya Nairobi. Shahidi anayeutaja anaeleza kwa nini Houston walikuwa wakihema, si hali ya hewa ya siku hiyo. Na Valvano anayekimbia huku na huko uwanjani mwishoni hamtafuti mwamuzi, kama mlivyoandika. Anatafuta mtu wa kumkumbatia. Picha ile kila shabiki wa zamani anaieleza kwa mikono, nanyi mmeigeuza kuwa malalamiko.

Tunaomba mambo matatu ndani ya siku 14. Mosi, rekebisheni muda kwa namna tuliyoeleza, kisha mjaribu mwanzo, katikati na dakika ya 58 kabla ya kupandisha faili upya. Pili, maandishi yapitiwe na mtu anayejua kikapu cha vyuo cha miaka ile na Kiswahili cha michezo, si kimojawapo. Tatu, kwenye sekunde kumi za mwisho punguzeni maneno. Sasa hivi mistari mitatu mirefu inaonekana kwa sekunde moja na kuifunika ringi. Mstari mmoja juu ya kioo unatosha: "Whittenburg... mfupi... Charles!"

Tumeambatisha faili lililosahihishwa la dakika nane za mwisho, muda na maneno. Mnaweza kulitumia bila malipo.

Wenu,
Mashabiki wa kikapu, wateja wa huduma yenu